"Make up": neno dogo lililomfungia mwanangu nyumbani

Katika ukurasa huu tumezoea kukaa pamoja juu ya madaftari ya watoto wetu, tukisaidiana kuyaelewa yale wanayoletewa kutoka shuleni. Mara nyingi mimi ndiye ninayetoa ushauri. Leo nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, maana kosa nitakalolieleza nililifanya mimi, wala si mama mwingine.

Ilikuwa mwaka 2018. Binti yangu alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Wengi wenu mnaufahamu mwaka huo wa kwanza wa sekondari hapa kwetu Tanzania. Wakati ule mtoto alikuwa amesoma miaka saba kwa Kiswahili, isipokuwa somo moja la Kiingereza. Akivuka tu kizingiti cha sekondari, hesabu ni kwa Kiingereza, jiografia ni kwa Kiingereza, hata matangazo ya asubuhi ni kwa Kiingereza. Mtoto anahangaika, na mama yake nyumbani anahangaika zaidi, ila yeye haonyeshi.

Mwezi wa tatu mwanangu aliugua malaria, akalala juma zima. Juma hilo hilo wenzake walifanya majaribio ya nusu muhula. Alipopona akarudi shuleni, na Alhamisi jioni akaniletea karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa haraka, hivi: "Your daughter should come for make-up on Saturday at 8.00 a.m. without fail."

Nilisoma mara mbili. Maneno yote niliyajua. Binti yako aje Jumamosi, saa mbili asubuhi, bila kukosa. Na lile neno la katikati ndilo nililolijua kuliko yote, maana nimeliona kwenye maduka ya vipodozi na nimelisikia saluni. Make-up ni poda, wanja na rangi ya midomo. Nilikuwa pia nimesikia kwamba shule itapokea wageni. Nikaunganisha mambo mawili, nikapata la tatu: wanataka kuwapamba mabinti zetu ili wakawapokee wageni!

Mwanangu alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mwalimu alisema ni mitihani."

"Mitihani ya kupaka wanja?" nilimwuliza. Nikamwambia anatunga uongo. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika hapa, maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto wa miaka kumi na minne. Baba yake alikuwa safarini, hapakuwa na mtu wa kunizuia. Mtoto alinyamaza. Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi alikuwa uani akifua mashuka.

Jumanne niliyofuata nilikwenda shuleni, nimejifunga kanga yangu vizuri, tayari kwa ugomvi. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mpole. Aliniamkia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, make-up hapa maana yake ni kufidia. Alikosa majaribio mawili akiwa mgonjwa, tukamwandalia mengine Jumamosi. Tulimsubiri mpaka saa nne."

Nilitamani ardhi ipasuke. Niliomba apewe nafasi nyingine. Mwalimu alinijibu kwa upole kwamba majaribio yalikuwa yametungwa mara mbili tayari, na alama zilikwisha kwenda ofisini. Katika taarifa ya muhula ule, mbele ya masomo mawili, mwanangu aliandikiwa kwamba hakuhudhuria. Hakuwa mvivu wala mjinga, bali mama yake alijua maana moja tu ya neno lenye maana nyingi, na aliona aibu kuuliza.

Tangu siku ile nimelichunguza neno hili kwa makini. Leo nataka tulipitie pamoja, ili karatasi kama ile ikiingia nyumbani kwako isikukute kama ilivyonikuta mimi.

KWA NINI KIINGEREZA KINAFANYA HIVI?

Kiingereza kina vitenzi vingi vya maneno mawili au matatu. Wanachukua kitenzi chepesi, kama vile make, take, put, give au get, na baada yake wanaweka kijineno kama up, off, out au on. Yakikaa pamoja, maana ya mwanzo inaweza kupotea kabisa. Waingereza huviita phrasal verbs. Jina hilo lilienezwa na mwandishi Logan Pearsall Smith katika kitabu alichokitoa mwaka 1925, lakini vitenzi vyenyewe ni vya kale zaidi.

Usidhani basi kwamba unashindwa kwa kuwa hukusoma sana. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza huko London mwaka 1755, aliandika katika dibaji yake kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote. Kama yeye aliliona hilo zaidi ya miaka mia mbili na sitini iliyopita, mimi na wewe tuna haki ya kukwama.

Na tusiwacheke Waingereza, maana sisi nasi tuna yetu. Hebu fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili. Amefundishwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu. Kisha anasikia kwamba mama amepiga pasi, baba amepiga simu, mtoto amepiga chafya, jirani amepiga hodi, na taifa zima limepiga kura. Masikini mgeni! Atadhani tunaishi kwa kupigana tu.

Tofauti ni kwamba sisi, mara nyingi, tunabadili maana ndani ya kitenzi chenyewe. Tunaanza na pata, tunaongeza mkia kidogo, tunapata patana, patanisha, patia, patikana. Mwingereza hana mikia hiyo. Yeye anaweka kijineno nje, kando ya kitenzi. Kwa hiyo unaposoma Kiingereza usiishie kwenye kitenzi. Mtazame na jirani yake.

MAANA ZA "MAKE UP"

Sasa tuzichukue moja moja. Nimezipanga kwa jinsi zinavyoweza kutokea katika maisha ya nyumbani.

1. Vipodozi. Hii ndiyo tunayoijua wote. Hapa neno ni jina la kitu, nalo huandikwa kwa kistari katikati, make-up, au kwa kuunganishwa, makeup. Maana hii ilianzia jukwaani. Katika karne ya 19 lilikuwa neno la waigizaji, waliojipaka rangi ili wafanane na watu waliowaigiza. Sinema zilipoanza, mafundi kama Max Factor wa Los Angeles walitengeneza rangi za nyuso za waigizaji wa filamu. Yake ya kwanza ya filamu ilitoka mwaka 1914. Kutoka huko vitu hivi vikaingia kwenye mikoba ya akina mama wa kawaida, na jina likaja navyo.

2. Kufidia. "She came on Saturday to make up the test she missed" — alikuja Jumamosi kufidia jaribio alilokosa. Mara nyingi maana hii hufuatwa na neno for: "We must make up for lost time" — lazima tufidie muda uliopotea. Ukiona make-up limekaa mbele ya test, class au exam, jua ni somo au mtihani wa kufidia. Ndilo lililonishinda mimi, kwa sababu mwalimu aliandika kwa haraka akaliacha neno test.

3. Kujalizia kilichopungua. Hii ni ndugu wa ile ya pili, nayo huja kwenye barua za ada. "You may pay half now and make up the balance in June" — unaweza kulipa nusu sasa, halafu umalizie kiasi kilichobaki mwezi wa sita. Vivyo hivyo timu ikipungukiwa wachezaji, mtu huitwa "to make up the number", yaani kutimiza idadi.

4. Kutunga au kuzua. "He made up a story." Sentensi hii inahitaji uangalifu, kwa kuwa ina pande mbili. Bibi anayewatungia wajukuu hadithi ya sungura na fisi "makes up a story", na ni jambo jema. Mtoto anayesema daftari limeliwa na mbuzi, kumbe amelipoteza, naye "makes up a story", na huo ni uongo. Tazama sentensi za jirani ndipo utajua ni upande upi.

5. Kupatana baada ya ugomvi. "They quarrelled in the morning but made up before supper" — waligombana asubuhi lakini wakapatana kabla ya chakula cha jioni. Ukitaka kumtaja uliyepatana naye, unaongeza with: "She made up with her sister."

6. Kukata shauri. "Make up your mind" haina uhusiano wowote na kuipamba akili. Ni kuamua. Ukimwona mfanyabiashara amechoka kukusubiri huku ukigeuzageuza vitambaa, ndilo analotaka kukuambia. Hata sisi tunasema kukata shauri, na hakuna kisu kinachotumika.

7. Kuunda kitu kizima. "Girls make up more than half of the class" — wasichana ni zaidi ya nusu ya darasa. Mara nyingi katika vitabu vya historia na uraia utakuta made up of, yaani imeundwa na. "The United Republic is made up of Tanganyika and Zanzibar" — Jamhuri ya Muungano imeundwa na Tanganyika na Zanzibar, nchi mbili zilizoungana tarehe 26 Aprili 1964.

8. Kuandaa. "I made up a bed for the visitor" — nilimwandalia mgeni kitanda. "The pharmacist made up the medicine" — mfamasia alichanganya dawa kama alivyoandika daktari. Hapa hakuna aliyezua chochote.

9. Kumfuta mtu machozi kwa tendo. Hapa katikati huingia neno it: "I will make it up to you." Maana yake ni hii: nimekukosea, au nimekukosesha jambo, nami nitafanya kitu cha kukufidia. Tafadhali ikumbuke, nitairudia kabla sijamaliza.

Zipo na nyingine. Kule Liverpool, Uingereza, mtu akikuambia "I'm made up", anamaanisha kwamba amefurahi sana. Lakini hizi tisa zinatosha kwa barua za shule na mazungumzo ya nyumbani.

NAMNA YA KUZITOFAUTISHA

Najua utasema, "Tisa! Nitazikumbukaje?" Mimi mwenyewe nimejiwekea njia nne.

Kwanza, kumbuka kwamba kijineno up, mbali na maana yake ya juu, mara nyingi huongeza wazo la kukamilisha. Eat up ni kula mpaka kiishe. Use up ni kutumia chote. Sasa rudi kwenye orodha yetu. Kufidia mtihani, kumalizia ada, kutimiza idadi, kupatana na ndugu: katika hizo zote palikuwa na pengo, nalo linajazwa. Si kila maana itaingia katika kapu hili, lakini nyingi zitaingia.

Pili, tazama maandishi. Likiandikwa kwa kistari au kwa kuungana, ni jina la kitu, au linalisifu neno linalofuata, kama make-up test. Likiwa maneno mawili yaliyoachana, ni kitenzi. Hata katika kusema kuna tofauti. Jina huvutwa kwa nguvu mwanzoni, MAKE-up. Kitenzi huvutwa mwishoni, make UP.

Tatu, tazama kinachofuata. For inaelekea kwenye kufidia. With inaelekea kwenye kupatana. Your mind ni kuamua. A story ni kutunga. Of, baada ya made up, ni kuundwa.

Nne, na hii ndiyo kubwa, uliza. Nilikuwa na simu mkononi Alhamisi ile. Namba ya shule ilikuwa imeandikwa nyuma ya daftari la mwanangu. Dakika mbili tu zingetosha. Lakini niliona haya mwalimu kijana asije akajua kwamba mama mzima, mwenye watoto watatu, hakielewi kikaratasi cha mstari mmoja. Nikaichagua heshima yangu, na gharama akalipa mtoto.

Nadhani wengi wetu tuko hivyo. Tunasaini barua tusizozielewa. Tunaitikia kwa kichwa kwenye vikao vya wazazi. Mtoto akituuliza neno tunamwambia, "Ondoka hapa, huoni nina kazi?" kumbe kazi yenyewe ni kuficha kwamba hatujui. Watoto wanatambua, akina mama wenzangu. Wanatambua mapema sana, nao wanajifunza kutuficha yao kama sisi tunavyowaficha yetu.

NILIVYORUDI NYUMBANI

Nilipotoka shuleni siku ile sikupanda gari. Nilitembea ili nipate muda wa kufikiri. Mwanangu aliporudi jioni, alinikuta jikoni nikichambua mchele. Aliniamkia, akataka kupita. Nikamwita, nikamwambia akae kwenye kigoda.

Sikuwa nimewahi kumwomba mtoto msamaha. Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mzazi alikuwa hakosei, na akikosea jambo lilipitishwa kimya kimya kwa kipande cha ziada cha nyama. Lakini nilijua kwamba nyama haitatosha. Nilimwambia, "Nimetoka shuleni. Ulisema kweli, nami nilikuita mwongo. Nimekukosesha mitihani yako. Nisamehe, mwanangu."

Alilia. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau: "Mama, mimi mwenyewe sikuwa na hakika na ile karatasi. Ningefurahi tu kama tungeuliza pamoja."

Tungeuliza pamoja! Hakusema ningejua, wala ungejua. Mtoto hakuhitaji mama anayejua Kiingereza chote. Alihitaji mwenzake wa kutokujua, asiyeona haya.

Tangu jioni hiyo tulianza desturi ndogo. Baada ya kuosha vyombo, tulikaa mezani robo saa. Yeye alichagua neno moja lililomsumbua siku hiyo, nami nilichagua moja kutoka mahali popote, hata kwenye kopo la maziwa. Tulitafuta kwenye kamusi pamoja. Siku nyingine yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, akanisahihisha bila kunicheka. Alama zake mbili hazikurudi kamwe, lakini muhula uliofuata aliingia katika mitihani yake bila woga aliokuwa nao mwanzoni. Nami nikapata faida ambayo sikuitarajia: alianza kuniambia na mambo mengine, yasiyohusu Kiingereza kabisa.

Hapo ndipo nilipoielewa maana ya tisa. "I will make it up to you." Kamusi inaieleza kwa mstari mmoja. Mimi ilinichukua robo saa kila jioni kwa miezi mingi.

JIPIME

Soma sentensi hizi pamoja na mtoto wako. Useme kila moja ina maana gani kati ya zile tisa. Majibu yako chini, lakini usiyatazame kwanza!

a) I can't make up my mind between the blue cloth and the green one.
b) Don't believe him, he made it all up.
c) The class is made up of forty pupils.
d) There is a make-up class for Form Two on Friday.
e) The two neighbours have made up at last.

Angalia sentensi ya b): neno it limeingia katikati. Vijineno kama it na them hukaa kati ya make na up. Tunasema make it up, hatusemi make up it. Lakini neno for likiwapo, kama katika maana ya pili, make na up haviachani: make up for it.

Majibu: a) kukata shauri, b) kuzua, c) kuundwa, d) kufidia, e) kupatana.

Ukizipata zote, hongera. Ukikosa mbili au tatu, usione haya. Mwite mwanao, mkae mezani, mfungue kamusi. Na kama katika nyumba yako kuna mtoto uliyemkaripia kwa jambo ambalo hukuliuliza vizuri, usingoje mpaka muhula uishe. Mwite leo, wakati mchele ungali kwenye ungo.